Plena ikigoma kuvuta ubao

Ubao unaingia kwenye plena, yaani mashine ya kuranda mbao, kiasi cha shubiri moja, kisha unasimama. Mota bado inanguruma, harufu ya mpira unaoungua inaanza kupanda, na seremala anausukuma ubao kwa kiganja. Unasogea kidogo, unagoma tena. Katika karakana nyingi za Ndeeba na Bwaise, mitaa ya Kampala, hukumu hutolewa papo hapo: "Hii mashine imechoka, mzee. Uza." Mimi nasema usiuze kwanza. Mashine nyingi zinazouzwa kwa kosa hili zilihitaji kitambaa, mshumaa na visu vilivyonolewa. Zilizobaki zina ugonjwa wa kweli, na ugonjwa huo una dalili zake, ambazo mtu anaweza kuzijua kabla hajafungua hata skrubu moja.

Nazungumzia plena ndogo ya mezani, ya inchi 12 au 13, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida. Ndani yake kuna kichwa chenye visu, rola moja mbele yake na nyingine nyuma yake, zote zimevishwa mpira. Rola ya mbele inaupokea ubao na kuusukuma kwenye visu. Ya nyuma inaudaka ukishapita na kumalizia kuuvuta. Kila rola inakandamizwa chini na springi mbili, moja kila upande. Chini kuna meza ya chuma laini, ambayo yenyewe haisogei. Mota ni moja. Inazungusha kichwa kwa mkanda, na kutoka kichwani mwendo unapunguzwa kwa gia na mnyororo mpaka unapofika kwenye rola umekuwa wa polepole kabisa. Chukua Makita 2012NB, mashine ya upana wa milimita 304: kichwa chake chenye visu viwili kinazunguka mara 8,500 kwa dakika, na katika dakika hiyohiyo ubao unasogea mita 8.5 tu. Piga hesabu, utaona kila milimita ya ubao inapigwa na kisu mara mbili. Ubao ukisita, inapigwa mara kumi, mara mia, palepale. Ndiyo maana mahali ubao ulipokwama hubaki doa la kahawia na kijibonde.

Sasa fikiria nguvu zinazougombania ubao huo. Rola zinausukuma mbele. Visu vinazunguka kwa kuukabili, kwa hiyo vinaurudisha nyuma. Meza inaukamata kwa chini. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba springi zinazozipa rola nguvu ya kushika ndizo hizohizo zinazougandamiza ubao kwenye meza. Ukikaza springi, umeongeza nguvu ya kuvuta na nguvu ya kuzuia kwa wakati mmoja. Kinachousogeza ubao ni ile tofauti iliyopo kati ya mpira unavyoshika juu na chuma kinavyoteleza chini. Tofauti ikiwa ndogo, kaza utakavyo, ubao hautakwenda.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: ubao uliposimama, rola ilikuwa inazunguka au nayo ilisimama?

Usiiname kuchungulia mdomoni mwa mashine ukitafuta jibu. Mdomo huo hutema vipande vya mbao, na havichagui jicho. Jibu liko kwenye ubao wenyewe na kwenye sauti. Zima, chomoa waya, inua kichwa, toa ubao uutazame juu. Ukikuta mchirizi mweusi au mng'ao wa mpira umepita kwa upana, rola ilikuwa inazunguka ikiteleza. Hilo ni tatizo la mshiko. Ukikuta ubao safi, hauna alama ya mpira, na kichwa kilikuwa kinalia kwa kasi yake ya kawaida, rola ilisimama huku visu vinakwenda. Hilo ni la mnyororo na gia. Na kama sauti yote ilizama, kichwa kikapungua mwendo, taa ya karakana ikafifia, usiiguse mashine kwanza, fuata umeme.

Mshiko ndio unaoongoza, kwa mbali sana, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Anza na meza. Mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, inua kichwa mpaka juu, weka juu ya meza kipande cha mbao kilichokwisha kupigwa randa, kisukume kwa kidole kimoja. Kinatakiwa kuteleza bila kubembelezwa. Kikisita, kikikwaruza, au kikisimama kila kinapofika sehemu fulani, umempata mtuhumiwa wa kwanza. Siku hizi mbao nyingi zinazoingia Kampala ni paini ya mashamba ya kupandwa, na paini ina utomvu. Visu vinapoipasha moto, utomvu unayeyuka, unashika meza, unachanganyika na unga wa mbao, unakuwa utando wa rangi ya chai ambao jicho linaupita lakini kidole kinauhisi. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kausha kabisa. Kisha paka nta. Nta ya kupolishia samani ni nzuri. Isipopatikana, mshumaa mweupe wa kawaida unasuguliwa mezani kwa mistari, halafu unang'arishwa kwa kitambaa kikavu mpaka usiuone tena. Usiache tabaka nene, maana litahamia kwenye mbao na kukusumbua siku ya kupaka vanishi. Usitumie mafuta ya injini wala zile dawa za kupuliza zenye silikoni, kwa sababu hiyohiyo, na zaidi: silikoni ikishaingia kwenye mbao, vanishi inajikunja na kuacha vitobo.

Nimeona karakana ambapo nta ilipakwa mezani na kwenye rola pia, kwa kuwa "zote zinagusa mbao". Rola ziachwe mbali na kitu chochote cha kutelezesha. Kazi yao ni kinyume.

Rola zenyewe hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, au spiriti. Petroli na thina zinafanya kazi haraka, lakini zinaulainisha mpira na baadaye unapasuka. Zungusha kichwa kwa mkono kupitia puli ya mkanda, ukivaa glavu nene na waya ukiwa umechomolewa, ili rola igeuke uifute pande zote. Uwe na subira: kichwa kitazunguka mara nyingi sana kabla ya rola kumaliza duru moja. Ukishaifuta, pitisha ukucha. Mpira wenye afya ni wa rangi iliyofifia na ukucha unaushika. Uliong'aa kama kioo umeungua juu kwa kuteleza, na hapo kipande cha msasa laini kikipitishwa kidogo kidogo kwa upana wote kinauondoa ule mng'ao. Nimesema kidogo kidogo. Lengo ni kuvunja ngozi ya juu. Ukiula mpira wenyewe umejiongezea tatizo.

Halafu visu. Kisu butu hakikati vizuri, kinapiga. Nguvu yake ya kurudisha ubao nyuma inaongezeka, kinaunyanyua, na rola ambayo jana ilitosha leo haitoshi. Ukisikia mlio umebadilika kutoka kukata kwenda kugonga, na maranda yamekuwa unga badala ya vipande vyembamba vinavyojikunja, usihangaike na rola. Mvule una hila yake hapa. Mti ulioumia ukiwa hai huweka ndani ya mianya yake madini ya kalsiamu kabonati, magumu kabisa, ambayo mafundi huyaita mawe. Hayaonekani kwa nje. Jiwe moja linaweza kuyamega makali ya kisu kilichonolewa asubuhi, na tangu hapo kila ubao unatoka na mstari uliovimba mahali palepale. Ukinunua mvule wenye mipasuko iliyojaa kitu cheupe kama chokaa, ukague kwa ncha ya patasi kabla haujaingia.

Kuna kosa linalotokea baada ya kunoa, na linawachanganya hata wazoefu. Visu vinarudishwa vikiwa vimechomoza kupita kiasi. Rola zinatakiwa kukaa chini kidogo kuliko njia ya ncha za visu, ili ziufikie ubao kwanza na springi zipate nafasi ya kusukuma. Visu vikishuka kupita kiasi, rola zinaugusa ubao kwa shida, na mashine iliyokuwa inavuta vizuri inaanza kugoma siku ileile ilipotiwa makali mapya. Fundi anaapa kwamba visu ni vikali, na kweli ni vikali. Kila mashine ina kipimo chake cha kusetia visu. Kilikuja ndani ya boksi, na kwa kawaida kimetupwa. Kitafute, au fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu.

Upande wa mbao wenyewe ndipo Uganda inapokuwa na habari zake. Sehemu kubwa ya mbao ngumu sokoni zimepasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, kwa jicho na uzi. Ubao unaoitwa wa inchi mbili unaweza kuwa na inchi mbili mwanzoni, mbili na robo katikati, na moja na nusu mwishoni. Unaseti mashine kwa kipimo cha mwanzo, ubao unaingia vizuri, ukifika katikati visu vinatakiwa kula milimita sita na zaidi. Hakuna plena ya mezani itakayokubali. Nyingi zina mwisho wa milimita 3 kwa ubao mwembamba, na kwa ubao unaojaza upana wote kiwango kinashuka mpaka nusu ya hapo au chini zaidi, kwa kuwa kula milimita 1 kwenye upana wa 300 ni kazi sawa na kula 2 kwenye upana wa 150. Kwa hiyo pima unene sehemu nne au tano, seti kwa ile nene kuliko zote, na mpito wa kwanza uguse vilima peke yake. Kilima kikubwa kiondoe kwa randa ya mkono kwanza. Ubao uliopinda kama mgongo wa jahazi nao una mambo yake: unakalia ncha mbili, katikati upo hewani, rola inaukandamiza unashuka, ukitoka unarudi ulivyokuwa. Plena inasawazisha unene. Kunyoosha ni kazi ya mashine nyingine au ya mkono.

Mbao mbichi zinateleza kwenye mpira na kunata kwenye chuma, yaani zinaharibu pande zote mbili za ile tofauti niliyoitaja. Maranda yake yanakuwa mabonge, yanaziba njia ya kutokea, mengine yanalaliwa na rola ya nyuma na kuuchapa ubao vishimo vidogo. Wafugaji wa kuku wanaokuja kununua maranda watakwambia nao hawayataki yakiwa na maji. Zikauke kwanza.

Mahali ubao unaposimama pana maana. Ukikataa kuingia tangu mwanzo, tazama ncha: huenda ni nene, ina fundo, au imepasuliwa kwa mshazari rola ikashindwa kuipanda. Ukisimama katikati, ni unene, fundo au visu. Ukienda vizuri mpaka mwisho, halafu mkia wake ukabaki ndani kiasi cha upana wa kiganja, rola ya mbele imeshauachia na ya nyuma haiushiki. Safisha ile ya nyuma, kagua springi zake, toa maranda. Kwa muda, ubao unaofuata unaweza kuusukuma ule uliotangulia, ncha kwa ncha, na mafundi wengi hufanya hivyo hata mashine ikiwa nzima kwa sababu inapunguza kibonde ambacho visu huacha mwishoni mwa ubao. Kinachokatazwa ni mkono kuufuata ubao ndani. Vilevile kipande kifupi kuliko nafasi iliyo kati ya rola mbili hakina wa kukivuta kikifika chini ya visu. Watengenezaji wengi wanaweka mpaka kwenye sentimita 30 hivi, nami nisingebishana nao.

Ubao ukienda mshazari, ukasugua ukuta mmoja na kukwama, pande mbili za rola hazivuti sawa. Sababu ya kawaida ni mazoea: vijiti vya fremu vinapitishwa upande wa kulia kila siku, mpira wa upande huo umekwisha, wa kushoto bado mpya. Sababu ya pili imejificha kwenye ncha za rola, ambako kuna vishikizo vinavyotakiwa kupanda na kushuka kwa uhuru. Unga wa mbao ukichanganyika na grisi unakuwa saruji, upande mmoja unaganda juu, springi inasukuma bure. Bonyeza rola kwa kipande cha mbao kila upande, mashine ikiwa imechomolewa. Pande zote mbili zirudi sawasawa. Na kabla ya kufungua lolote, pitisha mbao mbili za unene mmoja kwa pamoja, moja kushoto, moja kulia, uzipime zikitoka. Zikitofautiana, kichwa hakiko sambamba na meza, na rola haziwezi kushika sawa.

Rola iliyosimama huku visu vinakwenda ni kesi fupi. Fungua kifuniko cha pembeni. Mnyororo uliolegea unaruka meno na kutoa mlio wa ka-ka-ka ubao unapokutana na upinzani, uliokatika utauona. Gia za plastiki hukatika meno moja moja, kwa hiyo rola inazunguka bila mzigo na kusimama ikipewa ubao, jambo linalomdanganya anayeijaribu ikiwa tupu. Kagua pia ile pini au ufunguo unaoishikisha gia kwenye mhimili wake. Mnyororo huu usipakwe grisi nene kama wa boda boda; unafanya kazi ndani ya vumbi, na grisi inalikusanya. Tone la mafuta mepesi, kisha futa.

Sasa umeme. Hapa kwetu ni volti 240, kwa hesabu ya kwenye karatasi. Zipime volti kwa mita mashine ikiwa inakata, usizipime ikiwa imepumzika, maana kipimo cha mapumziko kinapendeza siku zote. Karakana inayochangia laini na wachomeleaji itaona namba zikishuka kila welda anapogusa chuma. Ekstensheni ndefu ya waya mwembamba inaongeza hasara yake: mita 50 za waya wa milimita 0.75 za mraba, mashine ikivuta ampea 7, zinameza volti 17 hivi njiani. Kwa mashine za mitumba kutoka Marekani mambo ni mabaya zaidi, kwani ni za volti 120 na zinavuta karibu ampea 15. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme ya angalau VA (volti-ampea) 2,000, na ekstensheni iwekwe kabla ya transfoma, kwenye upande wa volti 240. Waya uleule wa mita 50 ukiwekwa baada yake ungemeza zaidi ya volti 35, na mota ya volti 120 ikipewa 85 haiwezi kumalizana hata na paini. Jenereta ndogo ya kilowati moja usiijaribu kabisa. Ikiwa volti ni nzuri na mota bado ni dhaifu, na cheche zinaonekana kwenye matundu yake ya hewa, badilisha kaboni, yaani burashi za mota. Ni rahisi na zinapatikana.

Inabaki hali ambayo mpira wa rola umekwisha kweli: umepasuka, umebanduka, au katikati umeliwa mpaka ukiweka rula juu yake mwanga unapita. Rola za kiwandani zikikosekana, watu hugundisha tyubu ya gari. Inaweza kufaa, kwa sharti la vipimo. Rola ya kipenyo cha milimita 40 ikivishwa tyubu ya milimita 2 inakuwa ya 44, na kila mzunguko sasa inasogeza ubao kwa asilimia 10 zaidi. Ikivishwa ya mbele peke yake, itausukuma ubao haraka kuliko ya nyuma inavyoutoa, na moja kati ya hizo mbili lazima iteleze muda wote. Zivishwe zote, kisha zipelekwe kwa fundi wa lethi, pale Katwe hawakosekani, azisage mpaka zilingane kipenyo. Kiungo cha tyubu kisagwe pamoja na kwingine. Kikiachwa na kinundu, kitauchapa ubao kila rola inapomaliza duru, na kwenye rola ya milimita 44 alama hiyo utaikuta ikijirudia kila baada ya sentimita 14 hivi.